Bima ya Nyumba Isiyohama

Wananchi wa Garissa walijulishwa, na waliokwisha kujulishwa wakajulishwa tena, kwamba ugonjwa sasa ulikuwa umepata utaratibu. Ndivyo alivyotangaza Mkurugenzi wa Bima, Abdiwahab Warfa, mbele ya viti vya plastiki, wiki aliyorudi kutoka Thailand. Hakusema ugonjwa umekwisha, kwani mtu wa cheo chake haropoki. Ila kwa Mkurugenzi, kitu kikishapata utaratibu kimekwisha.

Safari ilikuwa ya mafunzo. Yeye na kamati yake walipelekwa Bangkok, kisha kwenye hospitali ya wilaya moja ya mashamba ya mpunga, waone jinsi Wathai wanavyotibiwa. Wakaona. Mtumishi wa serikali ana bima yake, na wazazi, mke na watoto wake wamo ndani. Aliyeajiriwa na kampuni ana ya kwake, anayokatwa kwenye mshahara. Na wote waliobaki, mkulima, mchuuzi, fundi wa pikipiki, wana ya tatu inayolipwa na kodi: mtu huenda kwenye kituo kilicho karibu na nyumba alikoandikishwa, hutoa kitambulisho, hutibiwa, hurudi shambani. Mkurugenzi aliipenda sana hiyo ya tatu, hasa pale palipotajwa nyumba.

Daktari mmoja wa huko, Bi Wipa, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira, alimweleza kwamba kabla ya kadi yoyote walitumia miaka mingi kujenga zahanati vijijini na kuwapeleka wauguzi na madaktari vijana wakae humo. "Kadi ilikuja mwisho," alisema. Jambo hilo halikuingia kwenye ripoti. Si kwa nia mbaya. Chakula cha mchana kilikuwa kimefika, na kulikuwa na samaki.

Basi ukazaliwa Mpango Jumuishi wa Bima ya Makao, wenye machaguo matatu. Chaguo, kwa lugha ya Mkurugenzi, ni kitu unachopewa. Chaguo A lilikuwa la watumishi wa serikali, B la walioajiriwa, na C la Waliobaki. Hapa Waliobaki walikuwa karibu watu wote, ukiondoa waliokaa jukwaani.

Sharti lilikuwa moja, na kwa ajili ya haki likafunga machaguo yote: mtu atatibiwa kwenye kituo kilicho karibu na nyumba yake, si kwingine. Hapo wafugaji wakaleta shida bila hata kufungua mdomo. Nyumba zao ni fito na mikeka. Mama ndiye huijenga na ni mali yake, na malisho yakiisha huikunja akaipandisha juu ya ngamia. Kamati ilikaa hotelini kutwa nzima kujadili kama kitu kinachopanda ngamia ni nyumba. Ikaonekana kwamba kisipokuwa nyumba, idadi ya wanachama itatia aibu. Ikaamuliwa: nyumba ni ile iliyosimama siku inapoandikishwa.

Siku hiyo nyumba ya Raho ilikuwa imesimama mbele ya Balambala, mbali na mji, jirani na zahanati ya Mpango. Zahanati ilikuwa na lango, ubao wa jina, na mbuzi waliolala barazani, maana hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Raho akapewa kadi. Kiangazi kilipokaza, akahamia pembeni mwa mji wa Garissa. Kadi haikuhama.

Mkurugenzi alikuwa amefika Hospitali ya Barwaqo, hapo mjini, kukagua maegesho ya gari lake, eneo zuri chini ya mwarobaini, lililozungushiwa mawe meupe, aliposikia ubishi kwenye dirisha la kuandikisha. Raho alikuwa amemshika kiunoni binti yake Shurie, ambaye tumbo la mimba lilikuwa limemlemea na midomo imemkauka. Nje, punda aliyewaleta alikuwa bado anahema.

"Mtoto amelala kwa ubavu," muuguzi Sharifo alikuwa akimwambia Kadar, kijana wa kompyuta. "Huyu anapasuliwa leo."

"Mimi nimekubali, sista. Kompyuta ndiyo imekataa. Inasema yeye ni wa kule mbele ya Balambala."

"Kule kuna nani?" Raho akauliza.

"Kuna kituo."

"Mimi nimeuliza nani."

Kadar akamwona Mkurugenzi, akasimama kwa adabu. Mkurugenzi akasogea. Alipenda kukutana na mwananchi ana kwa ana, hasa mmoja mmoja.

"Pole, mama. Mpango haumkatai binti yako. Mpango unamsubiri kwa hamu. Ila kule."

"Akifika kule amekufa."

"Hilo ni la Mwenyezi Mungu, na idara yangu haiingilii mambo ya dini."

Shurie akagumia, akaegemea ukuta. Raho hakupandisha sauti.

"Mkubwa, hii bima ni ya mtu ama ni ya nyumba?"

"Ni ya nyumba, mama. Hiyo ndiyo siri ya Thailand."

"Nyumba ikiwa hapa, mtoto wangu anatibiwa hapa?"

"Bila shaka. Nyumba ikiwa hapa, hata mimi sina uwezo wa kumzuia."

Alilisema kwa furaha ya mwalimu aliyeeleweka hatimaye. Raho akamkalisha Shurie kwenye benchi, akamnong'oneza jambo kwa Kisomali, akatoka.

Mkurugenzi alikuwa katika ofisi ya msimamizi, kwenye kikombe cha pili cha chai, wakati ngamia wa Raho walipopita langoni. Bawabu hakuwa na waraka unaozuia ngamia. Wanawake wa jirani walikuja naye, na kwa mikono iliyozoea wakachimba, wakachomeka fito, wakazipinda, wakafunga kamba, wakatandaza mikeka. Walichagua mahali penye udongo laini na kivuli, palipozungushiwa mawe meupe. Kadar akatoka, akaipiga nyumba picha kwa simu kama utaratibu unavyotaka, akarudi kwenye kompyuta.

"Imekubali," akasema.

Shurie akaingizwa chumba cha upasuaji. Mtoto wa kike akatoka analia kama mtu aliyecheleweshwa makusudi. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, na jioni homa ikampanda, ikabidi awekewe dripu na abaki wodini.

Mkurugenzi alipolitafuta gari lake, alilikuta juani. Mahali pake palikuwa na nyumba, moto na mbuzi. Dereva wake alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha maziwa ya ngamia.

"Mkubwa, karibu," dereva akasema, kisha akakumbuka kazi yake.

Mkurugenzi hakulala vizuri. Asubuhi alijifungia, akatoka na Waraka wa Ufafanuzi, ambao aliusoma mwenyewe mbele ya dirisha la kuandikisha:

"Nyumba ni pale mama mwenye nyumba anapowasha moto na kulaza watoto wake. Gesti, hoteli, ofisi na maegesho ya magari si nyumba, na alalaye humo ahesabiwe yuko safarini."

Shabaha yake ilikuwa maegesho tu. Gesti, hoteli na ofisi aliziongeza kwa uzito, kwa kuwa waraka unaotaja kitu kimoja huonekana una chuki.

"Binti huyo aruhusiwe leo," akasema. "Aende kituo chake."

"Ana homa," Sharifo akajibu. "Dripu haijafika nusu."

"Dripu itamfuata."

"Itafuata na nani, mkubwa? Na mbuzi?"

Mkurugenzi aliandika jina la Sharifo kichwani mwake. Raho alikuwa amesikiliza yote.

"Maegesho si nyumba?"

"Si nyumba, mama. Imepitishwa."

"Hapo umesema kweli. Hata mimi sikupapenda. Panaleta harufu ya petroli."

Akawaita wenzake. Nyumba ikafunguliwa, ikabebwa hadi ng'ambo ya ua, ikasimamishwa kwenye uwanja mtupu jirani na lango. Moto ukawashwa, na watoto wadogo wa Raho wakalazwa humo ingawa hawakuwa na usingizi. Kadar akapiga picha.

"Imekubali tena," akasema, bila kumtazama mtu.

Mkurugenzi akafungua kinywa kutangaza waraka wa pili. Kilichotoka ni mlio. Tangu alfajiri alikuwa na maumivu ubavuni, akidhani ni majukumu. Sasa yalimkunja, yakamketisha sakafuni na suti yake, jasho likimtiririka.

Sharifo akainama, akambonyeza mgongo. Mkurugenzi akaona nyota mchana.

"Naona ni jiwe la figo," Sharifo akasema. "Anahitaji sindano ya maumivu, kisha apimwe."

"Sindano," Mkurugenzi akasema. "Upesi."

Kadar alikuwa ameshaanza kubofya. "Chaguo A. Makao, mkubwa?"

"Kadar, wewe unanijua."

"Mimi nakujua. Kompyuta ndiyo haikujui."

"Nalala gesti. Chumba cha juu."

"Gesti si nyumba. Umesoma sasa hivi."

"Andika ofisini."

"Ofisi nayo imo."

"Familia yangu iko Nairobi. South C."

"Basi kituo chako ni Nairobi, mkubwa. Huku uko safarini."

Mkurugenzi akayakumbuka matuta ya barabarani kutoka Garissa hadi Thika, na ubavu wake ukayapanda moja baada ya jingine.

"Naufuta waraka."

"Waraka unafutwa na kamati."

"Iite kamati!"

"Kamati iko Thailand. Imeenda awamu ya pili."

Watu wa foleni walikuwa wamekaribia. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma Mkurugenzi zaidi ya jiwe. Raho akasogea, akamtazama usoni.

"Anaumwa kweli?" akamuuliza Sharifo.

"Kweli kabisa. Haya maumivu hayaigizwi."

"Basi mwandike kwangu. Nyumba iko, moto uko."

"Kama nani?" Kadar akauliza. "Kompyuta inataka uhusiano. Mume?"

Raho akamkagua Mkurugenzi kuanzia viatu hadi kitambi, kama mtu anayekagua ngamia sokoni ambaye muuzaji amemsifu mno.

"Mume hapana."

"Basi kilichobaki ni mtoto."

"Andika mtoto."

"Mimi ni mtu mzima," Mkurugenzi akaanza, "nina shahada ya..." Jiwe likageuka. "Andika mtoto," akasema.

Lakini waraka ulisema pale anapolaza watoto wake, na Kadar hakuwa mtu wa kuvunja waraka. Dereva na bawabu wakamshika Mkurugenzi makwapani, wakamvusha ua. Mlango wa nyumba ya namna ile ni mfupi. Mkurugenzi wa Bima ya Makao akaingia kwa magoti na viganja, akalala kwenye mkeka kati ya watoto wa Raho, ambao walimpisha.

"Funga macho kidogo, mkubwa," Kadar akasema na simu yake. "Uonekane umelazwa."

Akafunga. Picha ikapigwa. Kompyuta ikakubali.

Waliporudi, Mkurugenzi aliuelekea mlango wa pembeni wenye kapeti, ule wa Chaguo A. Kadar akamgusa bega kwa heshima.

"Mtoto hufuata chaguo la mama yake. Wewe sasa ni C. Foleni ni ile."

Mkurugenzi akamtafuta Raho kwa macho. Sharifo alikuwa akimwambia kwamba homa ya Shurie imeanza kushuka, na kwamba hakuna tena wa kumtoa wodini mpaka apone. Raho akashukuru Mungu, kisha akauliza huyu mwingine vipi.

"Akitaka atangulie mbele, mwenye nyumba ndiye anayesema," Sharifo akajibu.

Raho akaitazama foleni. Palikuwa na kina mama na watoto wachanga, na mzee mmoja mwenye mguu uliovimba.

"Huyu ni wangu, lakini hawa wamemtangulia," akasema. "Mpeni dawa ya kutuliza, asubiri kama wenzake. Atazoea."

Akapewa vidonge na maji. Mzee mwenye mguu uliovimba akajivuta, akampa nafasi kwenye benchi, akamwangalia suti yake yenye vumbi magotini.

"Kijana, umetoka mbali?"

Mkurugenzi akafikiri kwa makini, maana Kadar alikuwa anasikia.

"Hapo nje tu," akasema. "Kwa mama."