Fisi Aliyeachwa Kwenye Mto wa Tatu

Kambi ya Wakimbizi ya Dzaleka, 14 Agosti 2013

Kwa Bwana Dany,
Mchoraji wa Katuni za Matangazo,
Biwi, Lilongwe.

Mheshimiwa Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na kompyuta yako. Sisi hatujambo, isipokuwa bibi yako, Mama Générose, ambaye umemtendea jambo ninalolazimika kulieleza kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu wa mantiki kule Bukavu.

Juma lililopita nilikwenda kunyolewa kwa Nyandwi. Runinga yake ilikuwa imewashwa na watoto wamejaa mlangoni. Ghafla nikamwona Sungura uliyemchora wewe akimpeleka Fisi harusini. Fisi ananuka. Anaoga kwenye mto wa kwanza, bado ananuka. Mto wa pili, vivyo hivyo. Kwenye mto wa tatu Sungura anatoa sabuni, povu linajaza kioo kizima, na tangazo limekwisha. Nyandwi alizima mashine ya kunyolea akaniuliza, "Mwalimu, hii si njo ile ya mama yenu?" Nilikiri kwamba ndiyo, nikiwa nimenyolewa upande mmoja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo linarushwa mchana. Unajua kwamba bibi yako hasimulii ngano kabla jua halijazama, kwa kuwa anayesimulia mchana huota mkia. Sijaona ushahidi wa kinyume chake. Kwa hiyo nakuomba, kwa upole, umkague yule bwana anayesoma maneno ya tangazo.

2. Sungura aliyekuwa mjanja sasa ni muuza duka. Juzi, bibi yako alipofika tu mto wa kwanza, Irakiza, binti wa jirani, alimkatiza: "Bibi, we unamutesa Fisi bure! Sabuni iko wapi?" Bibi yako amesimulia ngano hiyo katika nchi tatu bila kukatizwa.

3. Hili ndilo zito. Siku hizi, ikifika mto wa tatu, watoto husimama, hukung'uta mavumbi na kwenda zao, wakiamini kwamba hadithi imekwisha. Uani hubaki bibi yako, mkeka na mimi. Halalamiki, anaukunja mkeka mapema, basi. Lakini tangu tufike kambini, saa ile ndiyo pekee ambayo watu humjia yeye, badala ya yeye kuwaendea watu.

4. Nimechunguza kwa nini uliikata ngano palepale, na nimegundua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukipitiwa na usingizi kwenye mto wa tatu, kila jioni, mdomo wazi, na mama yako, dada yangu Sophie, akikubeba hadi kitandani. Hujawahi kuusikia mwisho! Umewauzia watu hadithi usiyoijua, kama fundi anayekabidhi suruali yenye mguu mmoja. Mwisho wenyewe ni mzuri mno, na sitaudhalilisha kwa kuuandika hapa.

Kwa hiyo nadai kwamba tangazo lirushwe baada ya jua kuzama tu. Sungura arudishiwe akili zake. Fisi afikishwe harusini. Na wakuu wa kiwanda cha sabuni waje Dzaleka, waketi mkekani hadi mwisho, bila ruhusa ya kusinzia. Wakikataa, nitaomba Fisi mwenyewe aandikishwe kuwa mkimbizi, kwa sababu ameachwa njiani kati ya alikotoka na alikokuwa akienda, hali ambayo hapa tunaielewa vizuri.

Nisalimie Annie na watoto, majirani zako wote wa Biwi, na yule kijana wa kabaza aliyenipakia kwenye baiskeli yake hadi Mchesi bila kuniangusha.

Mjomba wako, kwa heshima na masikitiko,
Gaspard Mulenda

Baada ya sahihi: Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga. Amecheka hadi akashika mbavu. "Mwisho gani, Gaspard? Ile haina mwisho. Njo ya kulalisha batoto! Mito iko mingi: mutoto akikohoa, naongeza moja. Bote bakilala, mi nanyamaza. Dany amesema vile mi nasemaka. Na we ulikuwa unalalaka kwa mto wa pili."

Basi futa malalamiko yote. Kuna dharura, hata hivyo. Nilikuwa nikisoma kwa sauti, na Irakiza alikuwa nyuma ya ukuta. Amesikia katika kifungu cha nne kwamba mwisho upo, tena mzuri mno. Amewaleta wenzake wote. Wamejaa uani, macho makavu, hakuna anayesinzia, wanataka kujua kama Fisi alifika harusini. Mama ameutandika mkeka tena, na amejipaka mafuta usoni.

Chora mwisho, mpwa wangu, upesi, utusimulie kwa simu. Mama anasema hata sabuni inaweza kubaki. Kwa sasa amefika mto wa tisa.