Hoho kwa Mujibu wa Kamusi

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Dada yangu amemwalika Fundi Cherehani, jirani wa mlango wa pili, ale nasi Jumapili. Kinyozi wa mtaa amekwisha kumtaka uchumba, hajajibiwa bado. Nina mlo mmoja tu wa kumpiku. Nitapika kwa mtindo wa Meksiko! Dada akauliza Meksiko hiyo nitainunua duka gani. Nikamweleza kwamba ustaarabu hauuzwi dukani. Akasema basi na gesi ya kuupikia nisiitafute kwake.

Nilikaa dirishani hadi chai ikapoa. Niliona kofia pana, farasi wakisinzia juani, naye akishona kivulini, akiniinulia macho kila alipokata uzi.

Ijumaa, 8 Machi

Jibini ya dukani haishikiki kwa bei. Nimechemsha maziwa yote ya nyumbani, nikayakamulia ndimu, nikayachuja kwa foronya. Jibini! Dada aliomba maziwa ya chai, akaonyeshwa jibini. Hakushukuru. Akataka kujua foronya ile ni ya nani. Ilikuwa yake.

Vikate vya unga wa mahindi navyo havikutaka kuwa bapa. Nikavikandamiza kwa tasnifu yangu ya shahada, jalada gumu. Msimamizi wangu alidai kazi ile haina uzito. Na aje aone!

Jumamosi, 9 Machi

Dada kaleta ujumbe: Fundi hali pilipili, labda hoho tu. Nikaruka kwa furaha. Dada akadhani nimefurahia yale mapilipili manene, matamu, yasiyowasha. Maskini. Kamusi yangu kongwe iko wazi: pilipili hoho ndiyo ile nyekundu, kali. Wauza mboga ndio waliolipotosha neno. Je, mwanamke atamkaye kila neno kwa utuvu kama atungaye uzi sindanoni angesema Kiswahili cha gengeni? Muhali! Kumbe pilipili nyinginezo anaziona maji tu!

Dada akaniambia, Profesa wewe, utakuja kuua mtoto wa watu. Nikamwomba anitajie kamusi yake. Hana.

Gengeni Kinyozi aliniona nikichagua zilizo ndogo na nyekundu kuliko zote. Akauliza, msomi, nyumbani kwenu kumeingia nyoka wa kufukizwa kwa moshi wa pilipili? Wivu huo.

Jumapili, 10 Machi

Alikuja na gauni la manjano. Sebule nzima ikawa kama asubuhi. Nilimkunjia kikate chenye maharage ya kupondwa, parachichi na jibini; hoho nikamwekea maradufu, kwa heshima.

Akatafuna. Macho yakamjaa machozi. Hatimaye, nikawaza, moyo unaoguswa! Nikaanza kumsimulia safari ya mahindi duniani. Akanishika mkono! Nikaelea. Nilikuwa juu ya milima ya zambarau, tarumbeta zikilia kwa mbali.

Alikuwa akiniondoa mbele ya jagi la maji.

Maji hayakusaidia. Akaomba maziwa. Maziwa yote yalikuwa jibini. Nikampa jibini, ile niliyokwisha kuichanganya na hoho. Dada akapiga yowe dirishani, na Kinyozi akaja mbio na chupa ya maziwa, povu la kunyolea bado mkononi. Fundi akainywa yote. Wakaondoka pamoja, yeye kamwegemea begani. Dada akaniambia, haya, nenda kaisome na hiyo kamusini.

Jumanne, 12 Machi

Fundi ametuma salamu. Kinyozi amejibiwa: amekubaliwa.

Hata hivyo, uchumba si ndoa! Jumapili watakuja wote wawili, ili pasiwe na kinyongo, ila kwa sharti nisipike kitu chochote. Kasema chai ya rangi itamtosha.

Dada anashikilia kwamba hiyo ni chai isiyo na maziwa. Ndivyo wanavyodhani wengi. Nimefungua kamusi. Rangi ni wekundu, ni umanjano, ni buluu. Na Wameksiko hunywa maji mekundu ya maua ya rozela! Ananiashiria, mbele ya mchumba wake!

Limebaki tatizo dogo la kisarufi: umoja wake rangi, wingi wake rangi. Hakufafanua. Kwa hiyo nitapika zote. Rozela nimekwisha kuiloweka, manjano nimeyasaga. Bado buluu. Dada ana unga wake wa buluu wa kufulia mashuka meupe. Nimeunusa, hauna harufu mbaya.