Chupa Nne za Kahawia na Picha ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Dada yake mama mkwe ameondoka asubuhi kwa ndege. Nyumba kimya. Mama mkwe kagusa chakula kidogo tu, kisha kakaa sebuleni anautazama ukuta.

Ukutani kuna fremu. Tupu! Seremala aliileta jana jioni na mke wangu akaigongea msumari mwenyewe. Ni fremu ya picha ambayo bado imo ndani ya kamera yangu. Mama mkwe na dada yake hawakusemeshana kwa miaka kumi na tisa, eti kisa cherehani ya marehemu mama yao. Jana wakakutana hapa kwetu. Wakakaa benchi moja uani, wakashikana mikono, wakacheka mpaka machozi. Na mpiga picha nani? Mimi! Pozi kumi na mbili, filamu ya kweli, si mambo ya kubonyezabonyeza simu.

Mama mkwe kaniuliza kwa upole itakuwa tayari lini. Nikamwambia Jumamosi, bila wasiwasi. Nilivimba kichwa kidogo.

Sasa shida. Nimebakiwa na pakiti moja tu ya dawa ya kusafishia filamu, ile inayotokeza picha. Muuza vifaa kafunga duka, siku hizi anauza matairi. Dawa yenyewe ni ya unga. Ukifungua pakiti lazima ukoroge yote kwa mpigo, lita nne, kisha uihifadhi kwenye chupa. Na kwenye chupa ndipo nilipoumbuka mwezi uliopita. Niliiweka kwenye chupa nyeupe za sharubati, dirishani, ili wapita njia waseme huyu ni mtaalamu. Wiki moja tu! Dawa ikawa rangi ya chai iliyokolea. Mwanga na hewa viliimaliza.

Mwenye studio ya ng'ambo ya barabara alishanishauri nitafute chupa za kahawia, nizijaze mpaka juu. Huyu tunamwita Tabasamu, maana ndilo neno pekee analowaambia wateja. Kwa kuwa ushauri ulikuwa wake, niliukataa. Leo nimefikiri sana na nimegundua mwenyewe kwamba chupa za kahawia ndizo bora.

Jumanne, 5 Machi

Chupa za kahawia ziko wapi? Duka la dawa! Sijui kwa nini watu hawatumii akili.

Mwenye duka ni mama mkali wa miwani. Nikamwomba chupa tupu, kubwa. Akasema yeye anauza dawa, chupa tupu nikatafute kwa wauza chupa. Nikabadili mbinu. Nikakohoa. Akaniuliza nimeanza lini. Nikasema zamani. Akanitolea chupa moja ya dawa ya kifua, kadogo kweli, lakini kahawia safi, na kifuniko kinachokaza! Nikapiga hesabu haraka kichwani. Lita nne, kila chupa mililita mia. Nikamwambia anifungie arobaini.

Akavua miwani. Akaniuliza kama nimesema arobaini. Nikakohoa kwa nguvu zaidi ili aone nisemalo ni kweli.

Hakunipa hata moja! Akaniandikia barua ya kwenda hospitali nikapimwe, na kabla sijavuka barabara alishampigia simu mke wangu.

Kufika nyumbani, Mungu wangu! Sahani yangu imetengwa. Kikombe changu kimetengwa. Godoro langu liko sebuleni, chini ya fremu tupu. Mke wangu ananisemesha kutoka mlangoni, kitambaa puani. Majirani wawili wamekuja kunipa pole, na mmoja akataka kujua kama nimeshaandika wosia. Nikawaambia jamani, yote haya ni kwa ajili ya chupa. Mke wangu akashika kichwa, akauliza nimeanza chupa tangu lini.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyenisogelea. Kaniambia nisihangaike na picha yake, afya kwanza. Ilinichoma hiyo. Anaitaka kuliko kitu chochote, na bado anasema nisihangaike. Lazima itoke.

Jumatano, 6 Machi

Hospitali. Mke wangu kanipeleka mwenyewe, hatua tatu nyuma yangu kama askari. Nikavuliwa shati, nikabanwa kifua kwenye bamba la baridi, nikaambiwa nisipumue. Eksirei!

Mapafu mazima. Daktari kasema kifua hiki ni cha mtu wa mazoezi. Mke wangu alishukuru Mungu kwa sauti, kisha akanigeukia, na macho yale sikuyapenda.

Lakini picha yenyewe! Nyeusi iliyotulia, nyeupe isiyo na doa, kila ubavu unahesabika. Nikamshika mkono mzee wa eksirei, nikamwuliza dawa yake anaihifadhi kwenye chupa za aina gani. Akacheka. Akasema siku hizi ni kompyuta tupu, dawa waliacha kitambo. Nikauliza, na chupa je? Akasema ziko stoo, zimejaa vumbi.

Toba! Nilipigwa na butwaa. Chupa za lita moja. Kioo kizito. Kahawia iliyokolea, ukiangalia jua kupitia pale unaona giza. Vifuniko vya kukaza, vya plastiki nene, bila kutu. Zilitengenezwa kwa kazi hii hii! Mzee kanipa nne, na kama nisingezuiwa ningembusu. Nimerudi nyumbani nimezipakata. Mke wangu kaniuliza kama nimemdanganya daktari, mfamasia, majirani na yeye mwenyewe kwa sababu ya hizo. Nikamwambia azitazame kwanza. Hakuzitazama. Kasema picha isipotoka Jumamosi, chumba changu cha giza cha kusafishia filamu kinarudi kuwa stoo ya mkaa.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya chupa! Nimeziosha mara tisa. Maji ya moto, brashi ndefu, suuza, geuza, kausha. Dawa ya kukazia, ile inayozuia picha isififie, haina maringo, hiyo naiweka kwenye dumu lolote. Lakini hii ya kusafishia hupumua hewa kidogo tu ikaanza kufa. Lazima chupa ijae pomoni.

Nikakoroga lita nne. Nikamimina. Ya kwanza, pomoni. Ya pili, pomoni. Ya tatu, pomoni. Ya nne imepungua vidole vinne! Nilimwaga wapi? Nikatazama chini. Kwenye viatu.

Vidole vinne vya hewa! Ongeza maji? Dawa inapooza. Acha hivyo? Inakufa. Nikazunguka nyumba nzima natafuta kitu cha kuzamisha humo ili dawa ipande juu. Kisicho chuma, kisichochuja rangi. Sebuleni nikaona chombo cha maua ya plastiki cha mke wangu. Chini yake kimejazwa gololi za kioo! Nikazichota zote, nikaziosha, nikazitumbukiza moja moja. Dawa ikapanda. Ikapanda. Ikafika shingoni, ikafika mdomoni. Kizibo! Nilipiga kelele peke yangu.

Nikabandika lebo. Ili mtu asije akakosea, nikachora fuvu na mifupa miwili kwenye kila chupa, nikaziweka kwenye kabati na kufuli. Mama mkwe alipita nikiwa nachora fuvu la nne. Akasimama. Akaniuliza polepole anayetakiwa kufa ni nani. Ilinichukua robo saa kumtuliza.

Jioni maua yakaanguka, kwa kuwa hayakuwa na kitu cha kuyashika. Mke wangu kabamiza mlango. Sijali. Nina chupa bora kuliko mpiga picha yeyote niliyemsikia.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui niandike nini.

Asubuhi nilijifungia chumba cha giza. Nikaizungusha filamu kwenye kikopo kwa vidole tu, bila kuona, safi kabisa. Nikafungua chupa ya kwanza. Dawa angavu kama maji! Joto sawasawa. Nikamimina, nikatikisa huku natazama saa, nikamwaga. Dawa ya kukazia. Suuza. Nikafungua kikopo nikiwa naimba.

Hakuna kitu.

Filamu nyeupe! Mwanzo mpaka mwisho! Sikuamini. Nikaipeleka kwenye taa. Pembeni, namba za kiwandani zimetoka, moja mpaka kumi na mbili, nyeusi tititi, kali za kukata. Lakini katikati ya namba, patupu. Mama mkwe hayupo. Dada yake hayupo. Benchi halipo! Nikakaa juu ya ndoo.

Mama mkwe akagonga mlango. Kasema hataki kunisumbua, anauliza tu kama wameonekana. Nikajibu wanakauka. Wanakauka! Akashukuru, akaniombea maisha marefu. Nililia, na siandiki hili kwa kujivunia.

Kisha hasira. Kosa ni la nini? Ni la chupa! Za hospitali, nani ajuaye zilibeba nini miaka yote hiyo? Zimekula picha! Nikafungua zote, nikamwaga dawa yote sinkini, mpaka tone la mwisho. Gololi zikaziba bomba.

Jumamosi, 9 Machi

Niliamka na mpango. Nimwambie mama mkwe kwamba dada yake alisogea. Mpango wa pili, niseme fremu ni ndogo. Nikapiga moyo konde, nikaingia sebuleni. Mama mkwe kavaa nguo yake nzuri. Mke wangu kakunja mikono. Nikafungua mdomo.

Hodi! Nani? Tabasamu!

Bahasha kubwa kwapani. Akanipa pole ya kifua. Kasema mwenye duka la dawa alimwambia hali yangu ni mbaya, hivyo akaona aibu kukaa na kitu hiki. Jumapili alikuwa kibarazani ghorofani kwake, akawaona kina mama wawili uani kwetu wanacheka, akashindwa kujizuia, akawapiga picha moja. Hakutaka kuileta kwa sababu kazi ilikuwa yangu. Lakini kwa vile huenda nisipone...

Akaitoa. Lo! Mama mkwe na dada yake, mikono imeshikana, vichwa vimegusana, wanacheka meno yote nje. Mama mkwe akaishika kwa mikono miwili, akaketi, machozi yakamdondoka. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo. Na mimi nilifurahi, kwa dakika moja hivi.

Maana mke wangu akainama, akatazama, akaweka kidole kwenye kona ya picha. Kwenye kona nipo mimi, kwa ubavu, nimebong'oa, jicho moja nimefumba, kamera usoni. Na kwenye lenzi ya kamera kuna kifuniko. Kile cha bati, chenye ukingo mwekundu nilioupaka mwenyewe nisije nikakisahau.

Mama yangu mzazi! Kamera yangu ni ya zamani. Jicho halipiti kwenye lenzi, linapita kwenye kidirisha cha pembeni. Kwa hiyo mimi niliwaona vizuri sana. Filamu ndiyo haikuona.

Tabasamu anatazama dari. Ndipo mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba wao walikiona. Dada yake alimnong'oneza kama kile chekundu ndicho kioo chenyewe. Naye akamjibu kwamba mkwe wake ni mtaalamu, anajua anachokifanya, wasimwaibishe. Wakajizuia. Wakashindwa. Miaka kumi na tisa, na hicho ndicho kilichowachekesha.

Picha imetundikwa. Sikuweza kula.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala nikaamka nimeshtuka. Nimekaa kitandani wima! Namba za pembeni ya filamu zilitoka nyeusi tititi, na hizo hazitoki bila dawa nzuri. Maana yake dawa ilikuwa nzima. Maana yake chupa hazikuwa na kosa!

Nimemwamsha mke wangu nikamwambia nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kageukia ukutani. Nadhani aliguswa. Chumba cha giza kina magunia mawili ya mkaa tayari, lakini pembeni panabaki nafasi ya kabati la chupa, nimepapima.

Kweli dawa nzima niliimwaga, hilo linauma. Ila fikiria, kama chupa zingekuwa nane ningekuwa na dawa zaidi. Kesho narudi kwa mzee wa eksirei.

Na habari kubwa! Dada yake mama mkwe kapiga simu. Anakuja tena mwezi wa sita. Kasema anataka nimpige picha mimi, si mwingine. Mimi! Nilijua kazi yangu imemkaa moyoni.

Sitaki makosa safari hii. Asubuhi yote nimekuwa naishughulikia kamera. Kile kifuniko nimekipaka rangi nyeusi, maana ule ukingo mwekundu ulionekana vibaya sana kwenye picha.