Mgongo Wangu na Kima wa Jozani

Jumatatu, 4 Agosti

Nadra kaingia! Picha zilipelekwa nyingi, waamuzi wakabakisha watu wanne, na mmoja wao ni mwanangu, niliyemzaa mimi Faiza, niliyeishia darasa la saba na bado naandika kuliko wengi waliopita hapo. Haya sasa, assalamu alaykum, daftari. Salamu nimeiruka kwa furaha, utanisamehe.

Mambo ni hivi. Jumuiya ya wapiga picha inataka picha ya mandhari ya Unguja. Kila mmoja wa wanne apeleke moja mpya. Itakayoshinda itachapwa kubwa kama mlango na kutundikwa ukumbini, na aliyeipiga atachukuliwa kuzunguka Unguja na Pemba kupiga picha za kalenda. Nadra tangu amalize skuli anapiga picha za pasipoti pale Darajani. Kutwa watu waliokatazwa kucheka, mbele ya shuka nyeupe. Akishinda, buriani shuka.

Kasoro moja. Katika wanne yumo Zahran, mtoto wa Bi Muzna, ambaye mlango wake unatazamana na wangu hapa Kiponda. Zahran ana kamera inayoruka angani. Bi Muzna kanipongeza kwa dirishani, kasema Mungu awajaalie watoto wote wawili.

Maneno mazuri. Yamenikaa vibaya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata hila. Nimemvukia Bi Muzna na sahani ya visheti. Nikamnong'oneza kwamba waamuzi wamechoka na bahari, wamechoka na minazi, mwaka huu wanataka mji: Amani, kule kwenye uwanja wa mpira, watu, baiskeli, vumbi. Akanishika mkono. "Bi Faiza, wewe si jirani, wewe ni dada yangu." Akauliza Nadra ataenda wapi. Nikamwambia hapahapa mjini, miguu yangu hainifikishi mbali.

Jumamosi nnakwenda Paje.

Jioni nimepita Darajani kununua kanga. Muuzaji kanitandikia doti kwa doti. Mimi kanga nachagua kwa jina, si kwa rangi. Nikaiona moja, manjano ya kuumiza macho, jina lake: MTAISHIA KUTAZAMA. Nikasema funga hiyohiyo. Kuna dirisha Kiponda litaisoma.

Nadra kauliza ya nani. Nikamwambia ya mandhari. Eti mandhari hayavai kanga. Mtoto huyu kasoma lakini hajui kitu. Mandhari bila ya mtu ni kama nyumba inayotafuta mpangaji.

Jumamosi, 9 Agosti

Bahari haikuwepo.

Niandike vizuri maana hata mimi siamini. Tumefika Paje saa nne asubuhi, nimejitanda kanga mpya juu ya buibui, nimejitia manukato, bahari haipo. Mchanga, vidimbwi, mchanga tena, na mbali kabisa mawimbi membamba kama uzi. Nikamwambia Borafya, shemeji yangu aliyetupakia kwenye gari lake, kwamba katuleta siko. Kasema, "Paje ndiyo hii, shemeji. Labda uiulize bahari yenyewe."

Kule mchangani kina mama walikuwa wameinama kwenye mwani wao. Nikamwendea mmoja, nikamwuliza bahari imekwenda wapi. Kainuka, kanitazama kuanzia mtandio hadi ndala. Kasema neno kwa lugha yao ya kusini, wenziwe wakacheka mpaka wakashikana. Kisha akaniuliza kwa lugha ya mjini, "Bibi, leo mwezi ngapi?"

Nikamwambia kumi na nne. Nilijua vizuri, kwa sababu nilikuwa nifunge zile siku nyeupe za katikati ya mwezi, nikajipa ruhusa ya msafiri. (Paje si mbali kihivyo, lakini safari ni safari.)

"Basi mwezi kumi na nne ni bamvua," kasema. "Maji yanakupwa yote, yanajaa alasiri. Nyinyi wa mjini mwezi mnauhesabia nini?"

Nikasema saumu. Wakacheka upya.

Nitutetee watu wa mjini. Kupwa tunakujua. Lakini bahari yetu ya Forodhani ikitoka, inatoka kwa adabu, haiendi kulala kwa watu.

Nadra alikuwa anapiga. Kila akiinua kamera mimi nshasimama mbele, maana mchanga mtupu atautazama nani. Akawa ananiambia, "Mama, naomba usogee kidogo." Nikisogea, nasogea ndani. Mwisho kaifunga kamera. Kusubiri alasiri Borafya hakukubali, ana watu wa harusi wa kupakia. Mtoto kaingia garini, kageuzia uso dirishani, nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hapo moyo ulinishuka. Nilimwona anarudi kwenye shuka nyeupe hadi azeeke.

Nikamwambia Borafya asimame Jozani, harusi haikimbii.

Kima punju walikuwepo. Hao hawana bamvua. Wamekaa safu juu ya tawi, migongo myekundu, nyuso nyeusi kama wamefiwa. Kijana anayetembeza wageni katuambia tukae mbali, tusiwaguse, tusiwape kitu. Nikamjibu: mwanangu, mimi nimelea wanne, kima hawanishindi. Nikasogea nipate kuingia pichani. Ndala ikanasa chini ya mzizi. Nikawapa watu kisogo, nikainama, nikaivuta. Haikutoka. Nikaivuta kwa bismillahi. Nilipoinuka, Nadra alikuwa anacheka, mtoto aliyekuwa analia sasa hivi. Nikamwuliza kama kanipata vizuri.

"Nimekupata, mama."

Jumapili, 10 Agosti

Nimemchagulia picha ya kupeleka. Ile ya Paje, mimi wima, mkono kiunoni, mchanga nyuma yangu. Nimependeza. Kasema sawa mama, kaituma.

Zahran kaonekana na kamera yake akipanda baiskeli kwenda Amani. Nimefunga dirisha nicheke kwa nafasi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kashinda. Nadra wangu ni wa kwanza!

Kapigiwa simu akiwa kazini. Kamwacha mtu kitini mbele ya shuka, kaja mbio mpaka Kiponda, na yule mtu kamfuata nyuma anadai pasipoti yake haiwezi kungoja. Nimempa chai. Alikuwa wa mwanzo kutupongeza, na hata sasa jina lake silijui.

Nikasema haya nionyeshe picha yangu ilivyotoka. Kasitasita, kanionyesha.

Uso sina. Ni mgongo. Mgongo wangu mimi, umeinama, umeijaza picha, manjano inawaka katikati ya kijani cha msitu, na maandishi yamenyooka kama yamepigwa rula: MTAISHIA KUTAZAMA. Juu tawini kima wote wananitazama, na mmoja kashika tama.

Nikauliza ile ya Paje iko wapi. Kasema ilipotea njiani. Njia ipi, na picha inakwenda kwa simu?

Waamuzi wamesema hawajaona mandhari yenye ulimi namna hii. Ulimi wa nani? Kanga kachagua nani, ndala kanasisha nani, mgongo wa nani? Nadra kabonyeza tu. Lakini kabonyeza wakati wake hasa, hakuwahi wala hakuchelewa, na hilo mimi nisingeliliweza. Nimembusu mpaka kaomba nafasi ya kupumua.

Tukasikia hodi. Bi Muzna, na kikapu cha halwa. Zahran kawa wa pili! Kwa picha ya Amani: watoto wanakimbiza mpira nje ya uwanja, imepigwa kutoka juu, vumbi limekuwa dhahabu. Nayo itatundikwa, ubavuni mwa yetu. Machozi yamemlengalenga. "Bila ya wewe, dada yangu, mwanangu angelikwenda kupiga minazi."

Nikamwambia si kitu, majirani ni kufaana.

Kisha kaiona picha yetu. Kaisoma kwa utulivu. "Bi Faiza, hii kanga ulikuwa unamwambia nani?"

Nikamwambia kima.

Kanitazama. Nikamtazama. Tukaanza kucheka sote wawili, na yule mtu wa pasipoti kacheka pia bila ya kujua kitu. Nilipata haya kidogo, nakiri. Halwa ilikuwa ya zaafarani, tamu kweli.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimewaza tangu alfajiri. Bi Muzna ni mtu mwema, na hila yangu ndiyo iliyompandisha mwanawe. Kwa hiyo somo nimelipata: hila niliifanya nusu.

Nadra keshaambiwa ataanza na Pemba. Shuka nyeupe kamwachia mwenye duka. Nami nitasimama chini ya picha siku ya ufunguzi wa maonyesho ukumbini, nimewapa watu mgongo, wapate kulinganisha. Nadra kaniomba nikae kwenye kiti kama mama za watu. Kiti cha nini, na mimi ndiye mandhari?

Shida ni kuwa Bi Muzna mrefu, na picha ya mwanawe iko ubavuni. Atanikinga. Basi nimemwambia ufunguzi ni Jumapili. Zahran anayo kadi ya mwaliko, lakini watoto wa kiume hawawaambii mama zao kitu.

Wengine wote, Kiponda nzima, Borafya na watu wake wa harusi, mtu wa pasipoti, na kina mama wa mwani nikipata wa kuwafikishia salamu: ni Jumamosi, tarehe 23, baada ya sala ya alasiri.