Antena Yangu kwenye Mplamu wa Vidin

Ijumaa, Machi 22
Rasharasha tangu asubuhi. Wiki hii au basi! Wa kwanza katika klabu yetu ya redio kuzungumza na vituo kumi vya wanaredio wengine, akiwa kwenye bustani ya kando ya mto Danubi, ndiye atakayekaa kwenye redio yetu siku ya mashindano ya masika. Mwaka jana alikaa Mzee Spas. Mimi nilichemsha chai. Nikabeba redio ndogo na betri, nikatupa waya wa antena juu ya mplamu. Hata sijaketi vizuri, akafika mlinzi wa bustani, Shangazi Yordanka kama wote tumwitavyo. Akasema miti ya bustani si kamba ya kuanikia nguo. Nikaushusha waya. Spas alikuwa akipita na mkate wake, akauliza kama mwaka huu chai nitaitia limau. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, Machi 23
Wazo! Mplamu umechanua. Sasa kila mtu anavua martenitsa yake, ule uzi mwekundu na mweupe wa heri tunaouvaa sisi Wabulgaria mkononi tangu Machi mosi, na kuifunga kwenye mti wenye maua. Nani atashuku? Nikasokota waya mwekundu na mweupe, nikautundika, shada la sufu kila ncha. Yordanka akausifu. Akasema hajaona martenitsa kubwa namna ile tangu utoto wake. Mimi nikaficha redio chini ya koti, nikaanza kuita. Romania ikajibu! Poland! Ugiriki! Kufika adhuhuri, vituo tisa. Mimi ni kichwa, jamani.

Halafu ikaja chekechea nzima. Halafu kwaya ya kanisa. Wote wakataka kufunga zao kwenye ile kubwa. Ningewakatazaje? Mvua ikaongezeka, sufu ikalowa, waya ukalala hadi kwenye nyasi. Redio ikawa kiziwi.

Jumapili, Machi 24
Nimekwenda mapema kuzifungua martenitsa zao. Yordanka akanikuta mikono imejaa.

"Mtu mzima na ndevu zako, unawanyang'anya watoto heri yao? Zirudishe."

Nikazirudisha moja moja, yeye amesimama mikono kiunoni. Aibu ya kweli. Nikabaki kuita na waya wangu uliolala. Naomba kituo kimoja tu, cha kumi! Nikaita hadi sauti ikakauka. Mwishowe akajibu mtu wa karibu kabisa: Spas, yuko nyumbani kwake, mtaa wa pili.

"Nakusikia, Ogi. Kwa shida, lakini nakusikia. Niandike wa kumi."

Nikamwuliza kama anajua maana yake, kwamba kiti cha mashindano kitakuwa changu. Akasema anajua, amekaa kwenye kiti hicho miaka ya kutosha, nisiitie klabu aibu tu. Hata kushukuru nilisahau.

Jumatatu, Machi 25
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: mti ulikuwa mfupi. Korongo wamerudi, na kiota chao kiko juu ya bomba la moshi la kiwanda cha zamani. Refu ajabu! Hakuna mtu Vidin anayethubutu kuwasogelea korongo, ndege wa heri, kwa hiyo waya wangu wa mashindano utakuwa salama. Nimeazima ngazi ya Spas. Nimemwambia ninapaka rangi jikoni.