Habari za Binti wa Fundi Cherehani na Kilele cha Kumi na Nane

Enyi mlioshika kalamu, nanyi mlioziazima msizirudishe, sogezeni viti! Tegeni masikio, isimuliwe asubuhi ile ya Alhamisi, katika chumba namba saba chenye feni isiyozunguka, binti wa fundi cherehani alipoikwea fungsheni ya hisabati hadi kilele chake cha juu kabisa, akashuka salama, chaki hakuigusa.

Ubaoni lilisimama dubwana: eksi kwa kipeo cha tatu, toa mara tatu ya eksi, nalo limefungiwa baina ya ngome mbili, hasi mbili kushoto na tatu kulia. Aliyelisimamisha ni Mhadhiri, Mlinzi wa Makaratasi ya Manjano, aliyoyaandika enzi angali na nywele, na tangu hapo hakuyaongezea wala kuyapunguzia nukta.

"Nani atatuambia thamani yake kubwa kuliko zote humo ndani?" akanguruma. "Alama mbili zinamngoja!"

Alama mbili! Wengine waliziona mbili tu. Binti aliziona mlango, maana ndizo zilizompungukia ili aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Akizikosa, atarudia mwaka mzima, na mama yake atashona sare za watoto wa watu mwaka mwingine, sugu juu ya sugu.

Kabla hajainua mkono, akatoka Jemadari wa Safu ya Mbele, kijana asiyepata kuuliza swali ila lile analolijua jibu lake. Akasaka mahali mteremko unapokuwa sifuri, akapapata pawili, kwenye hasi moja na kwenye moja. Akaingiza, akavuna mbili na hasi mbili. Kisha akaipigia mbili mstari kwa chini, kama asimikaye bendera.

Mhadhiri akachungulia makaratasi. "Mbili. Ndivyo ilivyo."

Na jeshi lote likainama, likanakili, kama majeshi kumi na moja ya miaka iliyopita yalivyoinama.

Lakini binti hakuinama. Alilelewa na mwanamke asiyemkabidhi mteja nguo kabla ya kuigeuza na kukagua pindo, ncha hadi ncha, hata mteja awe anapiga mluzi mlangoni. Macho yake yakaenda yenyewe kwenye ncha. Hapakuwa na unyayo wa mtu! Akaingiza tatu daftarini: ishirini na saba, toa tisa. Akarudia mara tatu, moyo ukimpiga kama ngoma ya vita.

"Samahani, Mwalimu. Kuna kubwa kuliko hiyo."

"Keti, binti. Tumeshamaliza."

"Dada yangu," akadakia Jemadari, "pale kwenye tatu mteremko si sifuri. Hii ni kalkulasi, si cherehani."

Chumba kikaangua kicheko. Binti akasimama, akahutubu:

"Kaka, wewe umepanda kichuguu cha katikati, ukatutangazia kwamba umeimaliza dunia! Ukutani hukufika. Mteremko usipokuwa sifuri, ndiyo kwanza njia bado inapanda! Chaki unayo. Ingiza tatu, hapa hapa, watu wakuone."

Akaingiza. Chaki ikakatika mkononi mwake. Kumi na nane.

"Mbili na kumi na nane, wapi na wapi!" ikasikika sauti ya nyuma. "Na mimi nilishaandika kwa wino!"

Mhadhiri akayafunua makaratasi mbele, akayafunua nyuma, akaitafuta kumi na nane asiione. Hatimaye akakohoa.

"Hilo ndilo jibu nililokuwa nalingoja. Nilitaka nijue nani anafikiri."

Na mkono wa kushoto ukiwa umekinga kama wa mwanafunzi anayeficha jibu, wa kulia ukaikata kwa kalamu ile mbili ya makaratasini. Binti aliona. Akameza maneno yote aliyostahili kuambiwa mzee yule, akabakiza machache.

"Na alama zangu, Mwalimu? Ziandike kwa kalamu hiyo hiyo."

Zikaandikwa.

Basi na ijulikane kwa vizazi kwamba kumi na nane ilitawala ubao ule dakika sita kamili, hadi mwalimu wa maadili alipoingia na kifutio. Jemadari alinakili upya, akiwaeleza majirani kwamba alikuwa anaelekea huko huko. Na mwakani jeshi jipya litainama, litafundishwa kumi na nane, na kuapiwa kwamba haikuwahi kuwa vinginevyo. Jina la binti halitatajwa. Litakuwa kwenye orodha ya mtihani, mlangoni, pale pale alipolitaka.