Shati Lisilotaka Pasi

Jumatatu, 10 Machi

Mjomba katangaza! Mgongo umemwisha, mwisho wa mwezi anaacha udobi. Ufunguo wa duka atampa mmoja wetu: mimi, mtoto wa dada yake, au Binamu, mtoto wake wa kumzaa. Kaapa hatapendelea. Wateja keshawagawa. Binamu kapewa watu wa benki, mimi walimu wa shule ya jirani. Siku ya mwisho ataangalia rafu zetu aone kazi ya nani inatafutwa.

Duka lenyewe silitaki sana, kusema kweli. Nakitaka chumba cha nyuma. Mwenye ufunguo ndiye mwenye chumba. Sisi tunaishi kwa mama mkwe. Mke wangu analala chumbani na mama yake, mimi kwenye kochi la sebuleni, miguu inaning'inia. Jana mama mkwe kaniuliza kwa sauti tamu kama aniongezee stuli ya kuwekea nyayo, na kaileta kabisa. Ile si huruma. Lile ni dongo.

Lazima nishinde. Tatizo moja tu: naichukia pasi.

Jumanne, 11 Machi

Pasi ya mkaa ni mateso. Unapuliza majivu, yanakurudia machoni. Unanyoosha kola, mkono unakunjamana. Unaurudia mkono, kola imeharibika. Na walimu wangu wote wanavaa pamba, kitambaa cha kununa, ukikitazama vibaya tu kimejikunja. Binamu anaipenda pasi! Anapiga huku anaimba. Hana akili.

Mchana nimepita kwa muuza nguo wa kona, yule tunayemwita Mali Safi. Ana rundo la mashati ya nailoni yaliyomdodea. Kachukua moja, kalifinya, kalisokota kama tambara la deki, kaliachia. Halina kunyanzi hata la dawa! Kasema unalifua, unalikung'uta, unalitundika, chai yako haijapoa limeshakauka. Pasi halitaki hata kuisikia.

Ikabidi nikae chini. Jamani, kichwa changu hiki! Nikiwavisha walimu wote nailoni, wao watapendeza na mimi nitapumzika.

Alhamisi, 13 Machi

Nimehubiri katika chumba cha walimu. Nimewaambia dunia imeshahamia nailoni, wao tu ndio wamebaki nyuma. Mwavuli, nailoni. Soksi, nailoni. Nyuzi za mswaki, nailoni. Wavu wa goli pale uwanjani, nailoni, na haujawahi kulalamika. Mwalimu wa sayansi kadakia kwamba nailoni inatengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, haina undugu na mmea wala mnyama. Nikamjibu ndiyo maana haichoki. Wakacheka mpaka basi.

Mwalimu mkuu kawa wa kwanza kununua, shati la rangi ya maziwa. Bosi akishanunua nani atabaki nyuma? Mali Safi kanikumbatia.

Mke wangu kaniuliza, kama shati halitaki pasi na linakauka lenyewe, dobi ni wa nini? Nimemwambia haya ni mambo ya biashara, asijichoshe.

Jumatatu, 17 Machi

Raha! Asubuhi nimefua, nimekung'uta, nimetundika, nimekaa. Nimekunja nne kabisa mlangoni namtazama Binamu anavyotiririka jasho. Nimemuuliza kama anahitaji maji ya kunywa. Kanigeuzia mgongo. Wivu.

Mchana kidogo kukaharibika. Mwalimu mkuu katuma ujumbe kwamba mkaguzi anakuja, anataka mstari kwenye mikono ya shati. Nikasema kugusa mara moja tu hakudhuru. Lahaula! Pasi ilipogusa, nailoni ikayeyuka, ikavutika kama ubani uliotafunwa, ikaganda chini ya pasi. Duka zima likanuka ndoo iliyoungua. Tundu la ukubwa wa kisosi!

Sikubabaika. Nimekata mikono yote miwili, nimepinda, mwalimu mkuu alipolifuata nimemwambia viongozi siku hizi wanavaa mikono mifupi. Kaamini! Kaondoka anajitazama kwenye vioo vya madirisha.

Ile nailoni iliyoganda imeacha alama nyeusi kwenye shati jeupe la meneja wa benki. Binamu kashinda anakwangua pasi kwa kisu. Sikukusudia. Ila sikulia pia.

Alhamisi, 20 Machi

Minong'ono. Mwalimu wa hesabu anadai shati linamchemsha, jasho halina pa kutokea, anafundisha huku anatokota. Mwalimu wa historia anasema akilivua linatoa cheche, nywele na ndevu zinamsimama, mtoto wake kakimbia. Nimewaambia ugeni huo, watazoea.

Kisha kaja mwalimu mkuu. Nikajiandaa kukimbia. Kumbe kaja kusimulia! Alipompa mkono mkaguzi, cheche ikaruka, tch! Mkaguzi karuka hatua nzima nyuma na baada ya hapo hakuuliza swali hata moja. Kaandika kwamba walimu ni nadhifu ajabu. Mwalimu mkuu kasema hili shati halivui tena.

Nimeshinda! Jioni nimeingia chumba cha nyuma kwa kisingizio cha kutafuta sabuni, nikapima kwa hatua. Kitanda kinaenea, na nafasi ya meza. Mke wangu nilipomwambia kaanza kuzungumzia mapazia. Sijamwona anacheka vile tangu tuhamie kwa mama yake.

Jumatatu, 24 Machi

Ajabu. Hakuna nguo. Hata shati moja la mwalimu halijaletwa. Nikadhani shule imefungwa. Kengele hiyo, inalia.

Nikaenda nyumba za walimu. Mungu wangu! Kila dirisha lina shati la nailoni linapepea. Mwalimu mkuu kanipokea kwa bashasha. Kasema siku hizi anaoga nalo bafuni, analikung'uta, anatundika kwenye msumari, asubuhi anavaa. Wote wanafanya hivyo. Kanishukuru kwa niaba ya shule nzima kwa kuwaepusha na gharama za dobi. Kanipa na mkono. Tch!

Gharama za dobi! Mimi ndiye dobi!

Jumamosi, 29 Machi

Nimejaribu kuwatisha. Nimewaambia nailoni isipofuliwa na mtaalamu hurudi kuwa petroli. Mwalimu wa sayansi kacheka mpaka kakaa chini, kaniomba nirudie ili wenzake wasikie.

Rafu ya Binamu inafurika. Watu wa benki wamemletea na majirani zao. Yangu, buibui anajenga. Nimesema na moyo wangu: rafu haiwezi kuwa tupu siku ya Jumatatu. Nina mpango.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya hukumu. Asubuhi rafu yangu ilijaa pomoni! Mashati yangu, shuka za nyumbani, vitambaa vya makochi, kila kitu nimekunja vizuri na vikaratasi vya majina ya walimu. Mjomba kaingia, kakuna kidevu, nikaona kafurahi. Kavuta nguo moja ya katikati, kaifungua mbele ya dirisha. Shimizi ya nailoni, ya pinki, yenye lesi. Kasoma kikaratasi. Kaniuliza, kwa heshima kabisa, mwalimu wa historia anaivaa vipindi gani.

Kabla sijajibu, mama mkwe huyo mlangoni, na mke wangu nyuma yake! Anatafuta shimizi yake, imetoweka kwenye kamba alfajiri. Kaiona mikononi mwa mjomba. Sitaandika maneno aliyosema.

Binamu kapewa ufunguo. Hata hakunicheka, mshenzi yule, kaniambia pole. Mke wangu alisimama tu anatazama Binamu anavyoingiza godoro chumba cha nyuma. Hilo limeniuma kuliko shimizi. Nilitamani anitukane.

Stuli imeondolewa. Na mto.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepata kazi! Fundi viatu wa mbele ya benki anahitaji msaidizi wa kupiga rangi na kung'arisha. Akimpenda msaidizi atamwachia chumba kilicho juu ya karakana yake. Mke wangu kanishika mikono yote miwili, kaniomba safari hii nifanye kazi kwa mikono tu, kichwa nikiache kipumzike. Nimeapa.

Fundi ni mtu mwema. Foleni ya viatu haiishi. Ila kung'arisha ngozi ni mateso! Unapaka, unasugua, unapaka tena, mteja anavuka barabara, vumbi, kesho karudi na viatu vilevile.

Saa nane kapita mchuuzi na viatu vya plastiki. Vyeusi, vina kamba kabisa, huwezi kujua. Unapitisha kitambaa kibichi, vinameremeta! Rangi havitaki hata kuisikia. Nimeshamkamata meneja wa benki na wenzake wote waliokuwa kwenye foleni, kesho wananunua.

Fundi bado sijamwambia. Nataka nimshtukize.